Safari ya kumtafuta mvukuto, Mtito Andei hadi Wundanyi

Jumatatu

Mvukuto hayupo duniani, nimemtunga mwenyewe kwa ajili ya hadithi ninayoandika, na nataka aishi chini ya Bara Kavu, nchi ambayo mvua inanyesha mwaka mmoja alafu inapotea miaka sita. Mpaka leo asubuhi nilikuwa na mambo machache tu juu yake: ukubwa wa mbuzi, haoni, anaishi kwa ukoo, na watu wa Bara Kavu wanamuogopa. Basi. Sasa mimi sitaki zimwi la kutokea pangoni pale hadithi inapopoa, nataka mnyama ambaye ukiniuliza anakula nini, anapumua vipi, mtoto wake analelewaje, jibu liko, na jibu lenyewe lisiwe uchawi. Uchawi upo Bara Kavu, tena mwingi, ila tumbo la mnyama halijazwi na uchawi, hiyo nishaamua.

Ndo maana niko njia ya Mombasa. Kati ya Kibwezi na Voi, na kule juu Taita, kuna viumbe wa chini ya ardhi wa ajabu kuliko chochote mtu angetunga akiwa amekaa mezani, na tunapita juu yao kila siku na basi tumelala, tunawaza bahari. Alafu kuna jambo lingine linaniuma. Hadithi nyingi za kubuni tunazoandika sisi wenyewe, ukishuka chini ya ardhi yake unakuta vijeba wenye ndevu wanachimba dhahabu na joka limelalia hazina, vitu vya milima ya Ulaya yenye theluji. Udongo wetu mwekundu una mambo yake, uulizwe kwanza.

Mtito Andei jua kali. Ila mvua ilinyesha wiki iliyopita, na hiyo ndo habari nzuri ya leo, maanake fuko, wachimbaji wa chini ninaotaka kuwaangalia kwanza, wanachimba sana udongo ukiwa na unyevu, ukikauka hauchimbiki. Nimekula muthokoi, nimepata chumba chenye feni, nalala mapema.

Jumanne

Kijana wa bodaboda aliyenibeba jana ana shangazi yake mwenye shamba nje kidogo ya mji, viazi vitamu, mihogo na kunde, na shangazi akakubali nikae pembeni mradi nisichimbe chochote. Nimefika kabla jua halijatoka. Nikamsalimia, akauliza kama natafuta dawa, nikamwambia hapana mama, naangalia fuko tu. Akanyamaza kidogo, alafu akanionyesha jiwe. "Kaa pale mwanangu, na usitembeetembee, wakisikia miguu hawarushi."

Nikakaa. Mbele yangu kuna vilima vidogo vya udongo vyenye tundu katikati, vimejipanga kwa mstari unaoonyesha njia yao inapita wapi chini. Muda ukapita mrefu tu. Alafu jua lilipoanza kupasha, tundu moja likaanza kurusha udongo, puf, linatulia, puf puf, unaona vumbi linaruka juu sentimita kadhaa na mwenyewe humuoni kabisa, labda kitu cha waridi kwa nusu sekunde kama umebahatika. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi na sikutaka kuinuka.

Chini pale kuna foleni. Wa mbele kabisa anachimba kwa meno, sio kwa kucha, na meno yako nje ya midomo, midomo inafunga nyuma ya meno ndo asimeze udongo. Anayemfuata anakokota ule udongo kinyumenyume mpaka karibu na mlango, anamwachia wa mlangoni, alafu anarudi mbele akipita juu ya migongo ya wenzake ambao nao wanakuja na mzigo. Wa mlangoni anatimua nje kwa miguu ya nyuma, na kazi yake ndo ya hatari kuliko zote kwa sababu kuna nyoka anayefuata harufu ya udongo mbichi, akikuta tundu liko wazi anaingiza kichwa.

Hawa ni wale fuko wasio na manyoya, Heterocephalus glaber, wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Mnyama wa gramu thelathini na kitu, ngozi imekunjamana, macho ya jina tu, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30, kitu ambacho panya wa kawaida wa saizi hiyo hakaribii hata kidogo. Mwanasayansi Jennifer Jarvis alikaa nao miaka, na mwaka 1981 akachapisha kwenye jarida la Science kwamba wanaishi kwa mpango wa mchwa na nyuki: malkia mmoja anazaa, ana madume wachache, waliobaki wote ni wafanyakazi. Koloni moja ni wastani wa 70 au 80, na zipo zinazopita 200. Hebu fikiria, mnyama wa kunyonyesha! Na ziko chini ya kunde za mama.

Mama alipomaliza kupalilia akaja kukaa, tukanywa chai. Nikamuuliza wanamsumbua kiasi gani. "Wanakula kutoka chini. Wewe unaona majani mazuri, unafurahi, siku ya kuvuna unavuta unakuta ngozi tupu." Hiyo ngozi tupu ndo ilinishtua, kwa sababu ni kitu kile kile watafiti walioandika juu ya viazi vya porini wamekiona. Kuna vile viazi vikubwa vya nyika, kimoja kinafika makumi ya kilo, fuko wakikipata wanakitoboa wanakula nyama ya ndani na kuacha ganda, alafu wanajaza udongo kwenye tundu, na kiazi kinajikarabati, kinaendelea kukua. Kiazi kimoja kinalisha koloni kwa muda mrefu sana. Na maji wanayapata humo humo, hawanywi kabisa.

Nikamweleza mama habari ya mvukuto. Akasikiliza vizuri sana, kuliko watu wengi niliowaeleza mjini. Alafu akauliza swali moja. "Wako ni mkubwa wa mbuzi, na wako ukoo mzima? Mbuzi mmoja akiingia hapa ananimalizia kunde asubuhi moja. Hao wako wote wanashiba wapi?"

Tukapiga hesabu pale pale, mama anahesabu kwa vidole. Tukamshusha mvukuto kutoka mbuzi mpaka paka. Na bado paka mia moja chini ya nchi isiyo na mvua miaka sita wanahitaji chakula kisichokauka, kwa hiyo leo Bara Kavu limepata mmea mpya: kiazi kizee, mmoja mmoja, umezama chini ukubwa wa nyumba, juu yake unaona kijiti tu cha miiba ambacho msafiri anakikanyaga bila kujua. Ukoo wa mvukuto unazaliwa na kufa ndani ya kiazi kimoja. Sheria yao ya kwanza: hula ndani, ganda haliguswi, na kila tundu linazibwa kwa udongo kabla ya kulala. Anayetoboa ganda anafukuzwa. Nimeandika kurasa nyingi leo, mkono unauma.

Kabla sijaondoka mama akanipa viazi vitamu vitatu, vya kwenye tuta alilolizungushia mabati kwa chini. Nikamwambia asante sana mama, akasema niandike pia kwamba hawa fuko ukiwatilia sumu hawamaliziki, wanaziba ile njia wanahamia ya pili.

Jumatano

Leo hewa na maji.

Tumechangisha gari watu watano, tukaingia Tsavo Magharibi kwa geti la Mtito. Wenzangu walitaka tembo na faru, mimi nilitaka Shetani, lile jiwe jeusi la lava lililomwagika upande wa milima ya Chyulu na kuganda. Kwa jiolojia ni lava ya juzi, miti bado inahangaika kuota juu yake. Ukisimama pale saa tano mchana joto linakupiga kutoka chini na kutoka juu. Lava ya aina hii ikitiririka, juu inaganda kwanza na ya ndani inaendelea kwenda, ikiisha inaacha bomba tupu. Kwenye Chyulu kuna bomba moja, pango la Leviathan, lina urefu wa zaidi ya kilomita 9. Yaani mtu anaweza kutembea kutwa ndani ya mshipa wa moto uliokufa.

Chyulu yenyewe haina mito. Mvua inanyesha, jiwe linainywa yote, maji yanapotea, na makumi ya kilomita mbele yanatokea kwenye chemchemi za Mzima yakiwa safi unaona samaki chini, na bomba linayachukua mpaka Mombasa. Mtu wa Mombasa akifungua mfereji anaweza kupata mvua iliyonyesha juu ya volkano. Mimi nilikaa kile chumba cha vioo cha chini ya maji pale Mzima, viboko walikuwa mbali leo ila samaki walikuwa wengi, na samaki wenyewe wanaishi kwa kinyesi cha kiboko, kila kitu pale kinakula kitu cha mwenzake. Bara Kavu sasa lina mito, ila yote iko chini, na mdomo mmoja tu wa chemchemi ambao falme mbili zinaugombania. Hilo lilikuja lenyewe, sikulitafuta.

Hewa ndo ilinichukua siku nzima. Fuko makumi kwa makumi wamelaliana chumba kimoja kirefu chini, tundu zote zimezibwa, pumzi inajaa, kaboni dayoksaidi inapanda. Miili yao imezoea mpaka imebadilika: mwaka 2017 watafiti walionyesha wanaweza kukaa dakika 18 bila oksijeni kabisa na wakaamka, kwa sababu seli zao zinahama kutoka glukosi zinatumia fruktosi, njia ambayo tunaijua kwa mimea zaidi. Na hawasikii uchungu wa asidi, wala pilipili haiwachomi, maanake kuishi kwenye hewa ile chafu kungewawasha mwili kila dakika. Maumivu hayo yamefutwa ili wapate kuishi pamoja. Nimeisoma hiyo habari mara nyingi na kila mara inanigusa.

Ila mvukuto ni mkubwa zaidi na anakaa chini zaidi, kuvumilia tu hakutoshi, lazima hewa isogezwe. Nilikuwa nimewaza kichuguu, zile koloni za mchwa zinazolima uyoga ndani, jengo lenyewe linapumua kwa joto la mchana na baridi ya usiku, hewa inazunguka. Lakini kichuguu kinaonekana kutoka mbali na mimi nataka mvukuto asionekane. Jibu nilishaliona jana bila kulijua. Fuko anakimbia kinyumenyume kwa kasi ile ile ya kwenda mbele, na mwili wake unajaza njia yote. Sasa mchukue mvukuto dume mzee, mnene, mweke kwenye bomba la lava jembamba linalomtosha barabara: akienda mbele anasukuma hewa, akirudi anaivuta. Weka wazee wanane kwenye njia nane, wanapokezana. Hiyo ndo kazi ya uzeeni, ukiwa huwezi tena kuchimba unapewa njia yako, unapumulia ukoo. Na usiku watu wa Bara Kavu wakilaza sikio chini wanasikia ardhi inavuta na kutoa, ndo wakampa hilo jina la mvukuto, kile kifaa cha mhunzi cha kupulizia moto, na ndo wakamuogopa.

Dereva alikuwa anasikiliza nikiandika kwa sauti, akasema, "Na mmoja akifa njiani akaziba?" Swali zuri mno. Nimelala nalo.

Alhamisi

Kutoka Mtito hadi Voi, Voi hadi Wundanyi kupitia Mwatate. Matatu imejaa, kona nyingi, na kila kona baridi inaongezeka mpaka Wundanyi nikavaa sweta. Mvua mchana kutwa. Sikufanya kitu zaidi ya kula kimanga cha moto na kuchaji simu.

La dereva nimelijibu: mzee akifa njiani haondolewi, analiwa pale pale na wa ukoo wake, haraka, kabla hewa haijakata. Fuko hula mpaka kinyesi chao ili wasipoteze chochote, chini hakuna kitu cha kutupa. Haitakuwa sehemu ya kutisha kwenye hadithi, itakuwa ni msiba wao, na wana utaratibu wake.

Ijumaa

Leo nimekutana na mnyama ambaye sidhani nitamaliza kumfikiria.

Mzee mmoja anayelima migomba na mboga kwenye mteremko chini ya msitu wa Ngangao alinipokea kwa sababu mwalimu mmoja wa pale alimpigia simu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniangalia viatu, akasema tutashuka kwenye migomba, kuteleza kupo. Akainua polepole majani yaliyooza kwenye shina la mgomba, akapekua udongo kwa mkono, hakutumia jembe, "jembe linawakata," akasema. Pa kwanza minyoo tu. Pa pili minyoo. Pa tatu akaniita kwa kidole.

Ungesema ni mnyoo mkubwa, wa rangi ya bluu iliyoiva kuelekea nyeusi, unang'aa, una pingili. Lakini ana taya, ana meno, ana uti wa mgongo. Ni amfibia, ndugu wa mbali wa chura, hana miguu hata mmoja, na macho yake yamefunikwa na mfupa wa fuvu. Boulengerula taitana, dunia nzima yuko milima ya Taita tu. Mzee akasema watoto wakimuona wanakimbia wakidhani nyoka na wakubwa wengine wanamuua kwa kudhani hivo hivo, na yeye kila mara anawaambia huyu hana sumu, anakula mchwa na minyoo, muacheni. Tukamfunika tena.

Sasa sikia anavyolea. Anataga mayai chini, anayazungukia mwili. Watoto wakitoka hawana chakula, na yeye haendi kuwatafutia, badala yake ngozi yake ya nje inanenepa, inajaa mafuta na lishe, na watoto wanazaliwa na meno maalum ya kuikwangua. Wanapanda juu ya mama wanambambua, wanakula ngozi, mama ametulia, anapungua uzito wao wanakua, alafu ngozi inaota tena wanarudi. Hii ilichapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 2006, na wa kufanyiwa utafiti alikuwa huyu huyu wa Taita.

Nilimweleza mzee, hiyo ya ngozi alikuwa hajui. Akakaa kwenye jiwe akatazama pale tulipofunika. "Kwa hiyo hata saa hii huenda wanamla pale," akasema, alafu baadae kidogo, "na mimi hapa huwa napalilia asubuhi na jioni."

Usiku mzima nina vita. Malkia wa fuko ni mbabe. Anapata kiti kwa kupigana mpaka kuua, anapita njiani anawasukuma wafanyakazi, wanawake wengine wote uzazi wao unazimwa kwa kuishi chini yake tu. Huyu wa Taita hana mamlaka yoyote, ana mgongo wake tu. Mvukuto awe yupi? Niliandika malkia mbabe nikafuta, nikaandika mama mpole nikafuta, mpole peke yake haaminiki kwenye nchi yenye njaa ya miaka sita.

Saa nane usiku nimepata. Malkia wa mvukuto anapigania kiti, ndio, na anaua. Lakini akikipata mwili unambana: kila ukame ukifika katikati na kiazi kizee kikaanza kukonda, ngozi ya mgongo wake inanenepa na ukoo wote, sio watoto tu, unamkwangua. Asiyeota ngozi anashushwa. Wanaogombea kile kiti wanajua wanagombea kuliwa, na bado wanagombea. Hapo nimempenda huyu mnyama kwa mara ya kwanza, nilikuwa namheshimu tu.

Jumamosi

Nimeshuka Voi. Ng'ambo ya mji kuna mlima wa Sagalla na huko kuna ndugu wa yule amfibia wa jana, Boulengerula niedeni, ametangazwa kisayansi mwaka 2005 na hapatikani popote zaidi ya mlima huo mmoja. Mlima mmoja! Mojawapo ya vinavyomtesa ni mikaratusi iliyopandwa, inakunywa maji, udongo unakauka, na yeye bila unyevu hapiti. Kuna wakulima huko wanarudisha miti ya asili na mimi nawaombea wafike mbali, kwa sababu mnyama wa chini akiisha hakuna anayeona, haachi hata pengo kwenye upeo wa macho.

Basi adui wa mvukuto hatakuwa nyoka, nyoka nitamuacha awe nyoka wa kawaida wa mlangoni. Adui ni mti. Mfalme mmoja wa juu analeta mbegu za mti mwepesi kukua, mrefu, wa mbao nzuri, anaupanda kwa nia safi kabisa ya kuwapa watu kivuli, na mizizi yake inashuka mpaka kwenye kiazi kizee inakinyonya. Juu watu wanafurahia kivuli. Chini wanasikia kiazi kinalegea.

Na anayebeba hadithi nimempata pia, niko steshenini nasubiri treni naandika haraka kabla betri haijaisha. Kwa fuko, mara chache anazaliwa kijana mnene, mvivu wa kazi za nyumbani, ambaye hamu yake yote ni kutoka kwenda koloni nyingine. Na kila koloni ina lafudhi yake, iliandikwa 2021: wanasalimiana kwa mlio laini, mlio wa nyumba hii sio wa nyumba ile, mtoto akilelewa ugenini anashika lafudhi ya ugenini, na malkia akifa lafudhi inavurugika mpaka apatikane mwingine. Kwa hiyo mvukuto wangu ni yule mnene, msichana, ameondoka kwao kiazi kikiwa hai, anarudi na lafudhi ya watu wengine, malkia amekufa, mle ndani kila mtu analia mlio wake, wazee wa njiani hawapokezani tena kwa sababu hawaelewani zamu. Kitu cha kwanza anachotakiwa kufanya, kabla ya malkia na kabla ya mti, ni kuingia kwenye njia ya kwanza, kujaza bomba kwa mwili wake, na kuanza kusukuma hewa.